Kiapo Chini ya Uongozi Usioaminika

Section 58 iko upande wa mashariki wa Nakuru, kando ya barabara kuu ya Nairobi, na anayeifuata barabara hiyo kilomita chache mbele anafika Lanet, penye kambi ya jeshi na Chuo cha Kijeshi ambako makadeti huvishwa vyeo mbele ya Rais. Kwa wakazi wa mtaa huu jeshi ni jirani na mwajiri, na kwa vijana wengi waliomaliza kidato cha nne bila kazi, ni tumaini. Lakini tangu Juni 2024, wanajeshi walipotolewa kambini wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, swali la zamani limepata ukali mpya: kijana afanye nini na kiapo cha kulitumikia taifa, ikiwa yeye na majirani zake hawamwamini anayeliongoza? Nimelipanga swali hili kama baraza la watu watatu: mama asiyetaka mwanawe aende, kijana mwenyewe, na sajenti mstaafu. Sio watu halisi. Ni misimamo inayosikika nchini, nami nimeipa ndimi ili ijibizane. Msimamo wangu nautaja mapema. Naamini mwanajeshi anayeitii sheria ndiye kinga ya raia hata chini ya mtawala mbaya, mradi raia na Bunge wabebe sehemu yao. Wanaotaka askari aubebe mzigo wote peke yake, ama kwa kumpindua mtawala ama kwa kumkingia kifua, wanaomba jambo ambalo Kenya imekwisha kulilipia.

Mama ndiye anayeanza. “Mwanangu, sikukulea ili uje kusimamishwa barabarani na bunduki mbele ya wenzako uliosoma nao. Leo utaambiwa unalinda nchi, kesho utaambiwa unalinda kiti cha mtu. Na ukikataa, watakufunga wewe, si yeye aliyekutuma. Tafuta kazi nyingine, hata kama ni ya kusukuma mkokoteni Wakulima Market.”

Hofu ya mama huyu ina ushahidi. Tarehe 25 Juni 2024 waandamanaji waliingia Bungeni, watu wakauawa kwa risasi Nairobi na kwingineko, na siku iyo hiyo Waziri wa Ulinzi wakati huo, Aden Duale, akachapisha tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba Majeshi ya Ulinzi, KDF, yatawasaidia polisi. Kufikia mwanzo wa Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu vifo visivyopungua 39. Hata hivyo, mama anaviweka vyombo viwili katika chungu kimoja. Malalamiko mazito ya mauaji na utekaji katika miezi ile yaliwaelekea polisi, na kulikuwa na vijana waliowashangilia wanajeshi walipopita na magari yao. Silitaji hili ili kulisafisha jeshi. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba wananchi wenyewe walitofautisha chombo walichokiona kimekuwa mkono wa watawala na chombo walichodhani bado ni chao. Imani hiyo ni mali ya umma, na ndiyo inayogombaniwa. Familia zote zenye dhamiri zikiwakataza watoto wao kuingia jeshini, jeshi halitakufa. Litajazwa na wale wasiouliza maswali, au na wale walionunua nafasi zao kwa hongo siku ya mchujo, ambao deni lao la kwanza ni kwa aliyewaingiza.

Kijana anajibu kutoka upande ambao mama hakuutegemea. “Mama, mimi nataka kwenda kwa sababu hiyo hiyo. Viongozi hawa hawasikii. Tumeandamana, tumepigwa risasi, tumezika. Umeona Madagascar, Oktoba 2025? Jeshi lilisimama na vijana, na rais akaondoka. Jeshi letu likiwa na watu kama mimi, siku moja litasimama na wananchi.”

Hoja hii ndiyo inayostahili jibu refu kuliko zote, maana inatolewa na watu wema. Tuanze na mfano wake. Ni kweli kwamba kikosi cha CAPSAT kiliwaunga mkono vijana wa Antananarivo, na Andry Rajoelina akapoteza urais. Lakini aliyeapishwa baada yake hakuwa kijana aliyeandamana, bali Kanali Michael Randrianirina wa kikosi hicho hicho. Na kikosi hicho ndicho kilichosaidia kumweka Rajoelina madarakani mwaka 2009, wakati huo pia kikisema kinawasikiliza wananchi. Ndani ya miaka kumi na sita kambi moja imempandisha mtu na kumshusha, na raia wa Madagascar hawana chombo cha kuiuliza kambi hiyo chochote. Sudan inatisha zaidi. Aprili 2019 watu walikesha mbele ya makao makuu ya jeshi Khartoum wakiwaomba wanajeshi wawaondolee Omar al-Bashir, nao wakamwondoa. Tarehe 3 Juni mwaka huo umati uliokuwa umepiga kambi pale pale ulishambuliwa na watu zaidi ya mia moja wakauawa. Oktoba 2021 majenerali wakaipindua serikali ya mpito, na Aprili 2023 majenerali hao hao wakaanza kupigana wao kwa wao, vita vilivyowahamisha mamilioni ya watu. Hapa jirani, Januari 1971, watu wa Kampala walimiminika barabarani kumshangilia Idi Amin kwa kumwondoa Milton Obote, na kilichofuata kila familia ya Uganda inakijua.

Kijana anaweza kusema kwamba hayo ni ya nchi nyingine. Basi turudi Lanet, umbali mfupi kutoka mlangoni kwake. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Siku tatu baadaye wakaasi wa Uganda pale Jinja. Jioni ya tarehe 24, baada ya Waziri Mkuu Jomo Kenyatta kumaliza hotuba bila kutangaza nyongeza ya mshahara waliyoitarajia, askari wa Batalioni ya 11 ya Kenya Rifles walivunja ghala la silaha pale Lanet. Malalamiko yao yalikuwa ya haki. Uhuru ulikuwa na wiki sita tu, mishahara ilikuwa midogo, na maafisa wa juu bado walikuwa Waingereza. Walichokipata ni kinyume cha walichodai. Serikali iliwaita wanajeshi wa Uingereza wauzime uasi, kwa hiyo taifa changa likalindwa dhidi ya jeshi lake na mkoloni aliyeondoka Desemba. Askari 43 walifikishwa mbele ya mahakama za kijeshi, batalioni ikavunjwa, na jeshi likaendelea kuwa chini ya kamanda Mwingereza hadi Joseph Ndolo alipokabidhiwa mwishoni mwa 1966. Hasara iliyodumu zaidi haikuandikwa katika hukumu yoyote: watawala walijifunza kuliogopa jeshi, wakaimarisha kikosi maalumu cha polisi, GSU, kuwa mizani dhidi yake, na wakaanza kuangalia kabila la afisa kabla ya uwezo wake.

Tarehe 1 Agosti 1982 funzo lilirudiwa kwa bei kubwa zaidi. Mwezi Juni mwaka huo Bunge lilikuwa limeongeza Kifungu cha 2A katika Katiba ya wakati ule na kuifanya KANU chama pekee halali. Mwenye kutaka kuona uongozi usioaminika hakuhitaji kutafuta mbali. Askari wa Jeshi la Anga wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, mwenye cheo cha chini, waliteka redio ya taifa na kutangaza kwamba serikali imeanguka. Saa chache baadaye wanajeshi wa nchi kavu walikuwa wamewazima. Maduka ya Nairobi yaliporwa, raia wakafa, Chuo Kikuu kikafungwa, na Jeshi la Anga lote likavunjwa na kuundwa upya kwa jina jingine. Ochuka na wenzake walinyongwa Kamiti mwaka 1987. Rais Moi, aliyekusudiwa kuangushwa, alitawala miaka ishirini zaidi, na ile ya kwanza ilikuwa migumu kwa sababu sasa alikuwa na kisingizio kwa kila aliyetaka kumtia kizuizini. Kifungu cha 2A kiliondolewa Desemba 1991, nacho hakikuondolewa na kambi yoyote. Kiliondolewa na mawakili, wanasiasa wa upinzani, makasisi, wafadhili waliobana misaada, na raia waliojitokeza katika maandamano ya Saba Saba ya 1990. Hapa Nakuru, aliyethubutu kuyasema mauaji ya Molo ya 1992 kwa sauti ya kusikika nchi nzima alikuwa askofu wa Kikatoliki wa jimbo hili, Ndingi Mwana a'Nzeki, mtu asiye na bunduki hata moja.

Kwa hiyo namwambia kijana: ukienda, nenda, ila usiende kwa kungoja siku hiyo. Bunduki iliyomwondoa mtawala unayemchukia hairudishwi ghalani kwa ombi lako.

Sajenti mstaafu amefurahi kusikia hivyo, naye anadhani mjadala umekwisha. “Hata mimi nimekuwa nikisema. Kijana, ukivaa sare unaacha siasa getini. Mkubwa akitoa amri, wewe jibu lako ni ‘Ndiyo, afande’. Ukianza kupima amri moja moja, hilo si jeshi tena, ni mkutano wa kijiji. Mwenye kujibu kwa Mungu na kwa nchi ni aliyeamuru.”

Hapana, mzee wetu. Nusu ya maneno yako ni kweli: askari anayechagua amri kwa kuangalia chama cha aliyetoa hafai, na Katiba yenyewe, katika Kifungu cha 239, inamkataza kupendelea upande wowote wa kisiasa na inaviweka vyombo vya usalama chini ya mamlaka ya kiraia. Lakini nusu ya pili imeua Wakenya wengi kuliko uasi wa Lanet na jaribio la 1982 kwa pamoja. Februari 1984 wanajeshi waliwakusanya wanaume wa jamii ya Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, wakawaweka juani siku kadhaa bila maji, na kuwaua. Serikali ilisema waliokufa ni 57; Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikadiria karibu 1,000. Pale hakukuwa na askari muasi. Kulikuwa na askari watiifu. Machi 2008, Operesheni Okoa Maisha ilipopelekwa Mlima Elgon kupambana na wapiganaji wa SLDF, ambao kwa hakika walikuwa wamewaua na kuwakata masikio raia wengi, wanaume wa eneo hilo walizolewa kwa wingi na kupelekwa kambi ya Kapkota, na mashirika ya haki za binadamu yakakusanya ushuhuda wa mateso na wa watu ambao hawakuonekana tena. Jeshi lilikanusha. Waliotoa amri hawakusimamishwa kizimbani. Kwa hiyo ile ahadi kwamba aliyeamuru ndiye atakayejibu, kwa kumbukumbu za nchi hii, haijatimizwa.

Sheria ya kijeshi yenyewe haimtaki mtu wa “Ndiyo, afande” katika kila jambo, kwani amri inayomfunga askari ni amri halali. Hapa ndipo ilipo tofauti ambayo mjadala wa mitaani mara nyingi unaichanganya, na ndiyo kiini cha ninachotaka kusema. Kukataa amri moja iliyo haramu, kama vile kumpiga risasi mtu aliyeinua mikono, ni tendo la mtu anayebaki ndani ya sheria. Anaiweka silaha chini, anasema kwa nini, na anakubali kusimama mbele ya mahakama ya kijeshi kutetea uamuzi wake. Kuasi ni kuielekeza silaha hiyo kwa serikali ili kuibadilisha. Wa kwanza anapunguza nguvu ya bunduki katika siasa. Wa pili anaiongeza, hata kama nia yake ni njema. Askari wa Wagalla walihitaji ujasiri wa aina ya kwanza. Wale wa 1964 na 1982 walijaribu ule wa pili. Sajenti ataniuliza kama naamini kurutu wa miaka ishirini anaweza kuipima tofauti hiyo huku filimbi ikipulizwa. Peke yake, chini ya moshi, ni vigumu. Ndiyo maana haifai kuachiwa kurutu.

Katiba ya 2010 ilijaribu kuuhamisha uzito huo. Kifungu cha 241 kinataja njia mbili za kuwaleta wanajeshi ndani ya nchi. Wakati wa dharura au maafa wanaweza kusaidia mamlaka nyingine, kisha Bunge la Kitaifa lipewe ripoti. Lakini wakipelekwa kurejesha amani penye machafuko, ni lazima Bunge liidhinishe. Maneno hayo yalikuja baada ya Wagalla na Mlima Elgon. Sasa tazama kilichotokea 2024: tangazo la serikali lilipita mlango wa kwanza, ule wa dharura, ilhali kilichokuwa mabarabarani ni maandamano ya kisiasa. Wabunge, ambao siku moja kabla walikuwa wametoroka majengo yao, walikubali tarehe 26 Juni baada ya mjadala mfupi. Chama cha Wanasheria kilikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 27 Jaji Lawrence Mugambi alikataa kuusimamisha mpango huo lakini akaiamuru serikali ieleze hadharani, ndani ya siku mbili, wanajeshi watakuwa wapi, kwa kazi gani na kwa muda gani.

Hapa mama anarudi, na safari hii ana hasira. “Basi umejijibu mwenyewe, bwana mwandishi. Bunge lilipiga muhuri tu. Jaji akaandika karatasi. Mwanangu atasimamaje nyuma ya karatasi?” Pingamizi hili ni zito kuliko yote yaliyotangulia, na sitalipunguza. Bunge lilishindwa kazi yake. Ila tuangalie karatasi ile ilifanya nini. Ilikataa jeshi liwe mabarabarani bila mipaka iliyoandikwa, na penye mipaka iliyoandikwa, afisa anaweza kuuliza kama amri aliyopewa imo ndani yake, na mahakama inaweza kumuuliza baadaye. Mwaka 1984 hakukuwa hata na karatasi. Udhaifu haumo katika kanuni hiyo. Umo kwa wabunge wanaoipigia muhuri, na wabunge hao wamechaguliwa na watu wa Section 58, Free Area na Kaptembwo, si na makurutu wa Lanet.

Upo pia ushahidi wa kutia moyo, nao ni wa hapa hapa. Mwishoni mwa Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, Nakuru na Naivasha ziliwaka. Nchi ilikuwa na rais, Mwai Kibaki, ambaye karibu nusu ya wapiga kura waliamini hakushinda. Uongozi usioaminika kuliko huo ni nadra kupatikana. Jeshi lilikuwa na watu wa makabila yote yaliyokuwa yakiuana nje ya kambi. Lingeweza kugawanyika, na kama lingegawanyika, hesabu ya watu 1,133 waliouawa, iliyotolewa na Tume ya Waki, ingekuwa mwanzo tu. Halikugawanyika. Wanajeshi walitumwa kufungua barabara na kuyatenganisha makundi, na wakarudi kambini. Hawakumtetea Kibaki wala kumkabidhi nchi mpinzani wake, Raila Odinga. Waliacha siasa zifikie makubaliano ya Februari 28. Mwanajeshi wa Kikuyu na mwanajeshi wa Kalenjin waliobaki katika safu moja wiki ile waliitumikia Nakuru zaidi ya hotuba yoyote.

Lakini utii wa namna hiyo ni deni, na serikali zetu zimelilipa vibaya. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya KDF pale El Adde, Somalia, ilivamiwa na Al-Shabaab. Walioanguka walizikwa katika kaunti mbalimbali, na hadi leo serikali haijaliambia taifa rasmi walikuwa wangapi. Sajenti mwenyewe, aliyekuwa akitetea kila amri, hapa ananyamaza, kisha anasema, “Hilo lilituuma. Mtu akifa kwa ajili yenu, mhesabuni.” Sina jibu la kumpinga. Serikali inayotaka kuaminiwa na askari, lakini haitaki kuwahesabu waliokufa, inamfundisha kila mzazi kusema yale mama aliyoyasema mwanzoni.

Uchaguzi ujao ni Agosti 2027, na Nakuru inajua misimu ya uchaguzi ilivyoijia: 1992, mapema 1998, 2008. Si ajabu wanajeshi wakatakiwa tena barabarani. Kabla ya hapo yapo mambo ya kudaiwa sasa, wakati hakuna moshi. Bunge liweke wazi kwamba maandamano si maafa, na kwamba kuwatoa wanajeshi dhidi yake ni lazima kupite mlango wa idhini. Kila idhini iwe na tarehe ya mwisho na jina la afisa atakayejibu. Idadi ya waliokufa El Adde itangazwe. Madai haya hayamhitaji kijana wetu avunje ghala la silaha, wala hayamhitaji mama amfungie ndani. Yanamhitaji mbunge wa Nakuru Mjini Mashariki asimame na kuyauliza, na wapiga kura wake wafuatilie katika kumbukumbu za Bunge kama aliyauliza.